Lami inakwenda Murongo, tabia ya vumbi isiifuate

Kila msimu wa kahawa unapofunguliwa katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, macho ya wafanyabiashara huelekezwa kwenye bei. Huulizwa mnada umefunga kwa shilingi ngapi, gunia la maharage limepanda au limeshuka, na mafuta yameongezeka kiasi gani. Ni mara chache kuulizwa mzigo umefikaje. Hata hivyo, mzigo mwingi unaotoka shambani kwenda ghala la chama cha msingi, au kutoka gulioni kwenda kwenye Fuso linalosubiri Omurushaka, hubebwa kwanza juu ya matairi mawili ya pikipiki. Namna pikipiki hizo zinavyokwenda barabarani ni suala la biashara sawa na bei yenyewe.

Jambo linalostahili kuangaliwa na soko hivi sasa ni tabia ya pikipiki mbili, na wakati mwingine tatu, kwenda sambamba katika njia moja. Mmoja amebeba gunia, mwingine amebeba mikungu ya ndizi au abiria, wanakwenda bega kwa bega huku wakizungumza, na gari linalotoka mbele ndilo linalotarajiwa kupisha. Wengi huiona kuwa ni utovu wa nidhamu wa vijana. Ukweli ni kwamba tabia hiyo ina chimbuko lake na ilikuwa na sababu zake. Hatari iliyopo ni kwamba sababu hizo zinaondoka barabarani ilhali tabia inabaki.

CHIMBUKO NI CHANGARAWE

Anayezifahamu barabara za changarawe kati ya Nkwenda, Isingiro, Kaisho na Murongo anajua kwamba magari huacha mistari miwili iliyoshindiliwa na matairi. Katikati hubaki kokoto zilizolegea, na pembeni hubaki mchanga na makorongo ya maji ya mvua. Pikipiki yenye mzigo ikiingia kwenye kokoto hizo huyumba. Kwa hiyo madereva wawili wakiongozana, kila mmoja huchukua mstari wake, na matokeo yake ni pikipiki mbili sambamba.

Sababu ya pili ni vumbi. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho kipindi ambacho kahawa inavunwa, inaanikwa na kusafirishwa kwa wingi. Katika miezi hiyo anayefuata nyuma ya mwenzake haoni shimo wala mbuzi. Hupumua vumbi njia nzima, na mzigo wake hufika umegeuka rangi. Kwenda ubavuni kwa mwenzake ndiyo njia rahisi ya kulikwepa wingu hilo.

Kwenye changarawe, kwa hiyo, tabia hii ilikuwa na maana yake. Mwendo ulikuwa mdogo kwa sababu barabara yenyewe ilimlazimisha dereva kupunguza, na lori lililokuwa likija lilionekana kwa vumbi lake tangu mbali.

Lami imebadilisha hesabu hiyo. Barabara ya Kyaka hadi Bugene, yenye urefu wa kilomita zipatazo 59, iliiunganisha Karagwe na Bukoba kwa lami na kupunguza mno muda wa safari. Barabara ya Omugakorongo, Kigarama hadi Murongo, yenye kilomita 111, nayo imo katika mpango wa serikali wa kujengwa kwa kiwango hicho hicho hadi mpakani, ambako ng'ambo ya mto Kagera ni Kikagati ya Uganda. Kwa mfanyabiashara hizo ni habari njema. Lakini juu ya lami hakuna mistari miwili ya kugawana na hakuna vumbi la kukimbia. Kilichopo ni mwendo wa kasi, kona, vilima, na lori ambalo haliinui vumbi la kutangaza kuwa linakuja. Anayeendelea kwenda sambamba juu ya lami ameichukua dawa ya changarawe na kuinywa kwa ugonjwa mwingine.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Usalama Barabarani, Na. 30 ya mwaka 1973, ambayo ni Sura ya 168 ya sheria za nchi, inamtaka kila mwenye chombo kushika upande wa kushoto, kuendesha kwa uangalifu na kuwajali watumiaji wengine wa barabara. Pikipiki ni chombo cha moto kama lori. Askari wa usalama barabarani hahitaji kusubiri ajali ndipo aseme kwamba dereva aliyekaa katikati ya barabara kwenye kona, kwa sababu tu ubavuni kwake kuna mwenzake, ameendesha bila uangalifu.

Tangu kanuni za leseni za usafirishaji za mwaka 2010 zilipoitambua bodaboda kuwa biashara halali, mazungumzo mengi kuhusu sheria yamehusu kofia ngumu, leseni ya udereva na mshikaki. Hayo yote ni ya msingi. Lakini suala la mpangilio wa pikipiki barabarani limeachwa nyuma, kana kwamba ni jambo la adabu tu.

Kuna nchi zilizolizungumzia waziwazi. Katika majimbo mengi ya Marekani sheria inaruhusu pikipiki mbili kwenda sambamba katika njia moja, ila zisizidi mbili. Mtu anaweza kuuliza: kama huko inaruhusiwa, kwa nini Kayanga iwe dhambi? Jibu liko katika vipimo. Njia moja katika barabara kuu za huko huwa na upana wa karibu mita 3.6, na mara nyingi kuna zaidi ya njia moja kwa kila upande. Aidha, pikipiki hizo kwa kawaida hazikubeba gunia. Na hata pamoja na ruhusa hiyo, wanaofundisha udereva huko huwashauri wanaoongozana waende kwa mshazari: mmoja upande wa kushoto wa njia, anayefuata nyuma yake akae upande wa kulia, na kati ya dereva na yule aliye mbele yake katika mstari huo huo uwepo muda wa sekunde mbili. Sheria iliruhusu, uzoefu ukashauri vingine.

HESABU YA UPANA

Wafanyabiashara hupenda tarakimu, basi na zitazamwe. Barabara ya lami ya kawaida mikoani ina upana wa kati ya mita 6 na 7 kwa pande zote mbili. Ikichukuliwa mita 6.5, kila upande unapata mita 3.25. Pikipiki tupu, kuanzia ncha moja ya usukani hadi nyingine, ina karibu sentimeta 80. Mbili zikienda sambamba, zikiachiana mita moja, zinachukua mita 2.6. Zinaenea, ingawa kwa shida.

Sasa uwekwe mzigo. Gunia la maharage lililolazwa kwa kukingama nyuma ya kiti linafikia mita 1.2 au zaidi, na likiwa lumbesa, ambayo inakatazwa na sheria ya vipimo, linazidi hapo. Pikipiki mbili za namna hiyo, zikiachiana mita ile ile moja, zinahitaji mita 3.4. Upande wao una mita 3.25. Hiyo ni kabla ya kuhesabu hata sentimeta moja ya kukaa mbali na ukingo wa lami. Maana yake ni kwamba gunia la dereva wa kulia limekwisha kuvuka mstari wa katikati, na huko linakuja lori lenye upana wa karibu mita 2.5.

Yako pia mambo ambayo rula haiyapimi. Dereva anayekwenda peke yake akiona shimo, mtoto au mbuzi, ana nafasi ya kukwepa kushoto au kulia. Wanaokwenda sambamba kila mmoja ni ukuta wa mwenzake. Wa kulia akitaka kulikimbia lori, anamwangukia wa kushoto. Wa kushoto akitaka kumkwepa mwenda kwa miguu, anamsukuma wa kulia kwenye lori. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa pikipiki hupita karibu mita 14 katika sekunde moja, na sekunde moja ndiyo ambayo dereva anayegeuza shingo kumsikiliza mwenzake huipoteza.

NANI ANAYELIPA

Hapa ndipo soko linapohusika. Mwezi Juni 2021 Waziri wa Fedha, Dkt. Mwigulu Nchemba, alilipendekezea Bunge kushusha faini ya makosa ya barabarani kwa bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000 kwa kosa. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa kipato cha vijana hao ni kidogo na pikipiki nyingi zilikuwa zikilala vituoni kwa kukosa faini. Lakini shilingi 10,000 isichukuliwe kuwa ndiyo bei ya kosa. Bei halisi hulipwa na watu wengine kabisa.

Wa kwanza ni mwenye pikipiki. Katika miji midogo kama Kayanga, Omurushaka na Nkwenda, mwalimu, muuza duka au mkulima aliyeuza kahawa vizuri hununua pikipiki na kumkabidhi kijana kwa mkataba. Kijana huleta hesabu ya kila siku au kila wiki hadi deni liishe, ndipo chombo kinakuwa chake. Kwa wawekezaji wengi wadogo huo ndio mtaji wao wa kwanza. Chukua mfano wa hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku. Pikipiki ikilala gereji siku 30, tajiri amekosa shilingi 300,000, bado hajanunua uma wa mbele wala taa. Naye kijana amerudi nyuma mwezi mzima katika mkataba, kama hakuvunjika mguu.

Wengi hujipa moyo kwamba kuna bima. Bima ya lazima chini ya Sura ya 169 ni ya kulinda watu wengine wanaodhurika. Ile ndogo inayokatwa na wengi haimlipi mwenye pikipiki chuma chake kilichokunjika, wala haimlipi mwenye maharage gunia lake lililopasuka na kumwagika. Na dereva asipokuwa na leseni, madai yenyewe huingia katika mvutano ambao mfanyabiashara mdogo hana muda wala wakili wa kuuendesha.

Wa pili ni mwenye mzigo. Kahawa iliyomwagika barabarani ikazolewa na mchanga haina daraja ghalani. Mkungu uliopondeka haupandi Fuso la kwenda Mwanza au Dar es Salaam. Gharama hiyo haimo katika daftari lolote la usafirishaji, na ndiyo maana haionekani.

Wa tatu ni jamii. Vikundi vya vijana vimekuwa vikikopeshwa pikipiki kutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mfuko uliosimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mkopo huo hauna riba, lakini pikipiki ikiwa skrepa, kikundi hakirejeshi, na kikundi kinachofuata kwenye foleni hakipati. Majeruhi naye hupelekwa Nyakahanga, na akizidiwa hupelekwa Bukoba, zaidi ya kilomita 100. Ndugu huuza ng'ombe au huuza kahawa ikiwa bado mtini kwa butura, kwa bei ya kutupa. Hivyo ndivyo ajali ya dakika moja inavyoingia hadi kwenye bei ya kahawa ya msimu ujao wa kaya hiyo.

HOJA ZA MADEREVA

Si haki kuwahukumu madereva bila kuzisikia hoja zao, na zina uzito. Husema kwamba wakienda wawili wawili wanaonekana na magari makubwa, na kwamba anayekwenda peke yake pembeni hubanwa na lori hadi nje ya lami. Husema usiku mtu hutaka mwenzake karibu kwa kuhofia wanyang'anyi. Husema pia kwamba mteja ndiye anayewakimbiza: huchelewa kufunga mzigo, kisha akataka wafike kabla Fuso halijaondoka.

Hoja ya kuonekana inajibiwa na mshazari. Pikipiki mbili zilizopishana ndani ya njia moja zinaonekana na lori vizuri kama zilizo sambamba, na kila moja inabaki na nafasi ya kukwepa. Hoja ya usiku inajibiwa vivyo hivyo, kwa sababu mwenzako aliye sekunde mbili nyuma ya wako mstari bado yu pamoja nawe, na taa yake inakumulikia njia. Kwenye changarawe wakati wa vumbi, dawa ni kuachiana mwanya mrefu hadi wingu litulie, ingawa inamaanisha kufika dakika chache baadaye.

Hoja ya tatu ndiyo inayouma, maana inawarudia wafanyabiashara wenyewe. Bei za mafuta zinazotangazwa na EWURA kila mwezi huonyesha Kyerwa miongoni mwa wilaya zenye bei za juu kabisa nchini, kutokana na umbali kutoka bandarini. Mafuta yakipanda, mwenye mzigo hataki safari mbili. Hupakia gunia na nusu kwenye pikipiki moja, huzituma mbili kwa pamoja ili zilindane, na huahidi nyongeza kwa atakayewahi. Akishafanya hivyo amewaandalia sambamba yeye mwenyewe. Hali kadhalika, Fuso linaloegeshwa kwenye bega la barabara kupakia ndizi, au mazao yanayoanikwa pembeni mwa lami, huwanyima wenye pikipiki nafasi ya kushika kushoto. Mwenye kulalamikia bodaboda iliyo katikati ya barabara na aangalie kwanza turubai lake limetandikwa wapi.

ANAYELIPA NDIYE AAMUE

Wako wanaotaka jambo hili liachiwe polisi. Polisi wana wajibu wao, na trafiki wa Kayanga na Rubwera watatakiwa kuutimiza bila kugeuza kosa kuwa kitega uchumi. Lakini hakuna idadi ya askari inayoweza kusimama katika kilomita zote za kwenda Murongo. Kwa upande mwingine, kila pikipiki yenye mzigo imelipwa na mtu, na mtu huyo anajulikana. Nguvu ya kubadili tabia hii iko mikononi mwa mwenye fedha kuliko ilivyo mikononi mwa mwenye filimbi.

Mwenye mzigo anaweza kuanza kesho bila kikao. Pikipiki mbili zenye magunia zisiondoke pamoja: ya kwanza itangulie, ya pili ifuate dakika tano baadaye. Malipo yawe kwa mzigo uliofika salama, isiwepo zawadi ya aliyewahi. Mzigo ulazwe usizidi upana unaostahili, na lumbesa ikome, kwa sababu inayempunja mkulima kwenye mizani ndiyo hiyo hiyo inayomvusha dereva mstari wa katikati.

Mwenye pikipiki aandike sharti hilo katika mkataba, kando ya sharti la hesabu na la kubadilisha oili. Mikataba mingi ina mistari mingi kuhusu fedha na haina hata mmoja kuhusu namna ya kwenda barabarani. Tajiri anayeona pikipiki yake ikienda bega kwa bega na nyingine ameona mtaji wake ukichezewa kamari, na ana haki ya kuuliza.

Vijiwe navyo vina uongozi wake, vina michango ya misiba na magonjwa, na vina adhabu kwa anayeruka foleni ya abiria. Kijiwe kinachoweza kumtoza faini anayeruka foleni ya abiria kinaweza pia kumtoza anayeharibu mstari barabarani. Adhabu ya wenzake humuuma kijana kuliko risiti ya trafiki, na fedha yake hubaki katika mfuko unaozika na kuuguza.

Vyama vya msingi vya kahawa, ambavyo tangu mwaka 2018 ndivyo mlango wa kahawa ya mkulima kuingia sokoni, hukodi usafiri na kupokea mizigo kila siku ya msimu. Chama kinaweza kutangaza kwamba mzigo uliofika kwa mshindano wa pikipiki utasubiri hadi mwisho wa foleni ya mizani. Tangazo moja kama hilo mlangoni mwa ghala lingesomwa kwa makini kuliko mabango mengi ya barabarani.

Halmashauri za Karagwe na Kyerwa, pamoja na wasimamizi wa barabara, zina jambo moja la wakati: elimu itangulie lami. Madereva wa Kyerwa waliokulia kwenye changarawe wafundishwe kuongozana kwa mstari na kwa mshazari kabla kipande kipya hakijafunguliwa. Kusubiri hadi barabara ianze kuua ndipo ziitishwe semina ni gharama ambayo wilaya nyingi zilizopata lami mapema zimekwisha kuilipa.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na soko lina namna yake ya kulisema hilo: faida inayopatikana kwa dakika kumi za kuwahi inaweza kuliwa yote na sekunde moja ya kukosa pa kukwepea. Lami ya Murongo itashusha gharama za usafirishaji, itasogeza masoko ya Uganda na Bukoba karibu, na itampa mkulima wa Kaisho sauti kubwa zaidi mbele ya mlanguzi. Faida hizo ni za kweli na zimesubiriwa miaka mingi. Wafanyabiashara waliozisubiri ndio wenye kuamua kama zitaingia katika daftari la mapato au zitaishia kwenye wodi ya Nyakahanga. Uamuzi huo utafanyika pale mzigo unapofungwa, kabla injini haijawashwa.